Gari likilia alfajiri, usiseme "ni baridi tu"

Najua ukifika hapa unategemea mbolea, viwavijeshi au kitalu cha tumbaku. Leo tuviache kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu kile kinachovibeba vyote hivyo: pikapu yako, Canter, pawatila au pikipiki. Hasa zile kelele zake za Juni na Julai, asubuhi ukiwasha, ambazo ikifika saa nne zimeshapotea na wewe umeshazisahau.

Kwenye ukanda wetu huu mzigo una historia ndefu. Zamani ulipita mabegani mwa wapagazi kati ya Tabora na Ujiji. Ikaja reli, ikafika Kigoma mwaka 1914, na mpaka leo treni inapita stesheni ya Usinge. Lakini treni haiingii shambani. Kutoka kwenye bani mpaka ghala la AMCOS, mzigo unategemea injini yako, na soko la tumbaku linaangukia miezi hiyohiyo ya baridi. Gari likifa Februari ni usumbufu. Likifa Julai ni hela ya mwaka mzima.

Hili nalisema kwa uchungu kidogo, maana kuna kijana nilimponza.

Ilikuwa Julai, alfajiri, mimi bado nimejifunga shuka. Kijana mmoja analima tumbaku na mahindi, akanipitia na pikapu yake ya dizeli aliyoinunua mtumba.

"Shikamoo bwana shamba. Hebu sikiliza hii."

"Marahaba."

Akazima, akawasha tena. Chini kabisa ya injini kukawa na mgongo mzito, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Nilisikiliza labda sekunde kumi. Nikamwambia, "Ni baridi tu kijana wangu, ikipata moto itatulia."

Siku kama tisa baadaye, akiwa na marobota njiani, konrodi ikakatika ikatoboa bloku ya injini. Marobota yakalala porini, umande ukayapata, na tumbaku yenye unyevu mnajua inavyopokelewa kwenye kupanga madaraja. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Bwana shamba, mimi nilikuamini." Bora angenitukana.

Mimi si fundi, ni bwana shamba. Ila kosa langu halikuwa la ufundi, lilikuwa la kutotazama, na kutazama ndiyo kazi niliyosomea. Mkulima akiniletea habari kwamba mahindi yamejikunja majani saa saba mchana, huwa simjibu hapohapo. Mchana wa jua kali hata mahindi mazima hujikunja. Namwambia twende alfajiri. Majani yakiwa bado yamejikunja alfajiri, hapo kuna kiu ya kweli. Injini ni hivyohivyo: kuna saa yake ya kusema ukweli, nayo ni dakika mbili za kwanza baada ya kulala usiku kucha. Mimi nilizipewa zile dakika bure, nikazitupa.

Baridi inafichua, haiumbi ugonjwa

Alfajiri za Juni na Julai huku Tabora joto linashuka mpaka nyuzi 15 hivi. Kwetu sisi ni makoti na moto wa kuni, kwa injini si kitu. Angalia dumu la oili, utaona 15W-40 au 20W-50. Ile W inasimama kwa neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake inaeleza oili inavyotembea ikiwa ya baridi, na ikiwa ndogo, oili ni nyepesi zaidi wakati wa kuwasha. Namba ya mwisho ni uzito wake ikiwa moto. Sasa sikia: oili ya 20W hupimwa uwashaji kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na ya 15W kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Sisi tuko nyuzi 15 juu ya sifuri. Kwa hiyo gari zima lenye oili sahihi halina sababu ya kulalamika Usinge zaidi ya sekunde chache.

Kinachotokea usiku ni hiki: chuma kinasinyaa, mpira unakakamaa, oili inakuwa nzito, betri inapungua nguvu kidogo. Nafasi iliyolika ndani ya injini, ambayo mchana inajibana kwa joto, asubuhi inakuwa wazi na inapiga kelele. Baridi imekuonyesha tu kilichokuwepo.

Sikiliza hivi

Kabla ya yote, gonga boneti. Paka na kuku hupenda kulala kwenye injini yenye uvuguvugu. Halafu fungua uangalie nyaya. Gari likilala jirani na ghala la karanga au mahindi, panya watazitafuna.

*Ka-ka-ka-ka ya haraka ukiwasha, injini haizunguki.* Mara nyingi betri imeishiwa, au vichwa vyake vimejaa unga mweupe au wa kijani. Fungua waya wa hasi kwanza, safisha kwa maji ya moto na brashi, kaza, rudisha hasi mwisho. Moto na sigara mbali na betri. Ukisikia "tak" moja tu halafu kimya, na betri ina nguvu, mpe fundi aangalie stata.

*Kilio chembamba kama filimbi.* Ni mkanda wa feni. Ukilia sekunde mbili kwa sababu ya umande, usihangaike. Ukilia kila asubuhi, jaribu hivi: injini ikiwa sailensa, kunja mikono ya koti, simama mbali na feni, nyunyizia mkanda maji kidogo kwa chupa. Kelele ikizidi, mkanda umelegea. Ikinyamaza halafu ikarudi, umelika au puli hazijanyooka. Usiupake sabuni wala grisi. Kwenye magari mengi mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji na alternata. Ukikatika njiani injini itachemsha.

*Tik-tik-tik nyepesi juu ya injini.* Hizo ni tapeti zinasubiri oili ipande. Sekunde chache zinatosha. Zikiendelea dakika nzima, zima, gari liwe sehemu tambarare, vuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Yawezekana oili imepungua, imechoka, au filta imeziba. Ikiwa oili iko sawa, tapeti zinahitaji kupimwa nafasi. Kwenye pikipiki, mchakacho wa ubavuni ukiwasha mara nyingi ni cheni ya taimingi imelegea. Isikatikie barabarani, ni hasara kubwa.

*Tik-tik kali kama mashine ya cherehani, inayofifia gari likipata moto.* Inafanana na tapeti, ila angalia panapoungana injini na bomba la moshi. Ukiona masizi meusi, gasketi inavuja. Chuma kikipanuka kwa joto kinaziba ule mwanya, ndiyo maana mchana husikii kitu.

*Dizeli kugonga kavu kwa dakika moja au mbili.* Hii dizeli ina ruhusa nayo, kwa sababu ndani kukiwa na baridi mafuta yanachelewa kushika moto, kisha yanalipuka kwa pamoja. Lakini ikiambatana na kutetemeka na moshi mweupe mwingi, na gari lina hita plagi, zipimwe. Moja ikifa, silinda hiyo inaamka kwa shida.

*Kwa-kwa-kwa butu, inayopungua injini ikipata moto.* Pistoni imelika, inacheza ndani ya silinda. Gari linaweza kukaa nayo muda mrefu, ila pima oili kila wiki. Ikianza kula oili na kutoa moshi wa bluu, anza kuweka hela ya matengenezo.

*Mgongo mzito wa chini, unaobaki au kuzidi injini ikipata moto, hasa ukiwa na mzigo.* Huu ndio niliousikia mimi nikauita baridi. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, na beringi za konrodi zilizolika hazina tena kinachozikinga. Kelele ya baridi inapungua kadiri injini inavyopata moto, hii inakwenda kinyume. Zima. Usiliendeshe mpaka kwa fundi, livutwe. Na ukiona taa nyekundu ya oili inabaki imewaka, ni hivyohivyo: zima hapohapo, usitafute kivuli.

*Breki kukwaruza mara ya kwanza unapotoka.* Umande umeweka kutu nyembamba kwenye diski. Ukishika breki mara mbili tatu inaisha. Isipoisha, pedi zimekwisha. *Springi na bushi kulia kwenye mashimo* asubuhi ni mpira mkavu uliokakamaa. Kuna muda, lakini uzikague.

Gari lifike kwa fundi likiwa la baridi

Hapa ndipo vijana wengi mnapoteza hela. Unatoka shambani, unaendesha kilomita thelathini, unafika kwa fundi saa sita mchana. Injini ni ya moto, kelele hakuna. Fundi anakisia, anabadilisha kifaa ambacho hakina kosa, kesho asubuhi kelele iko palepale. Kwa kelele inayokuruhusu kuendesha, peleka gari jioni, lilale gereji, fundi aliwashe mwenyewe alfajiri. Kama haiwezekani, rekodi kwa simu kuanzia kabla ya kuwasha, dakika mbili, boneti ikiwa wazi.

Na usimwambie fundi "linapiga kelele". Hata mimi ukiniambia "mahindi yanaumwa" sitakusaidia. Mwambie mambo manne: inaanza lini, inakaa muda gani, inatokea wapi, na ukipiga resi kidogo inafanyaje. Andika kwenye daftari lilelile la mbolea na vibarua. Tarehe uliyobadilisha oili nayo iandike humo, maana kichwani haikai.

Jambo la mwisho ni kuwasha kwenyewe. Kuna anayewasha na kupiga resi papo hapo ili injini "iamke". Anakausha vyuma kabla oili haijafika. Kuna mwingine anaacha inanguruma nusu saa huku anakunywa chai, anachoma mafuta bure. Washa, subiri dakika moja hivi, sikiliza, halafu ondoka taratibu bila kulikamua mpaka kipimo cha joto kipande.

Yule kijana sasa ana pikapu nyingine. Aliuza ng'ombe na akakaa msimu mmoja akikodi magari ya watu. Bado tunaonana, na bado ananiita bwana shamba. Siku hizi akija kuniuliza jambo la injini namwambia, "Lala nalo hapa, tutalisikiliza alfajiri." Anacheka, mimi sicheki sana.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujapakia hata roboti moja, zima redio, washa gari, simama kimya dakika mbili. Ukisikia kitu usichokielewa, niandikie: ni chombo gani, inalia vipi, inakaa muda gani. Nikijua nitakujibu. Nisipojua nitakuambia nenda kwa fundi. Lile neno "ni baridi tu" mimi nimeshaliacha.

Soko jema.