Amonaiti wa Changamwe na Jiwe la Tabaka

Nyumba nyingi za pwani hazikosi kibakuli cha jiwe laini la Kisii, kilichochongwa Tabaka. Juma lililopita tulionyeshwa kimoja chenye nakshi ya gamba lililojizinga kama pembe ya kondoo dume, na mtoto wa nyumba akatuuliza: mnyama huyu aliishi Kisii?

Hakuishi. Miamba ya kale ya Kisii na Nyamira ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, na ilipofanyika hapakuwa na mnyama yeyote mwenye gamba duniani. Apasuaye jiwe la Tabaka akitafuta kisukuku atachosha patasi yake bure. Gamba lile limetoka katika mikono ya fundi.

La kweli liko kwetu. Ukitoka kisiwani Mombasa kwenda Changamwe na Port Reitz, unayaacha mawe ya matumbawe, ambayo ni machanga, na kukanyaga tope la bahari lililogeuka mwamba yapata miaka milioni 150 iliyopita. Humo ndimo alimozikwa amonaiti. Usimdhanie konokono, alikuwa jamaa wa pweza na ngisi. Gamba lake liligawanyika vyumba vyumba: mwenyewe alikaa katika kile cha mwisho, na vya nyuma vilijaa hewa ya kumwezesha kuelea. Ukoo wake wote ulitoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita.

Mjerumani Johann Maria Hildebrandt aliwakusanya baadhi yao Mombasa, na mwaka 1877 mtaalamu Beyrich wa Berlin akawaeleza kwa maandishi. Mmoja wao leo huitwa Hybonoticeras hildebrandti; aliyemwokota amepata jina, Mombasa haikupata. Baadaye alikuja mwanamke, Bi. McKinnon Wood, ambaye ripoti juu ya mikusanyo yake kutoka pwani yetu zilichapishwa Glasgow mwaka 1930 na 1938. Twapenda mabinti zetu walijue hilo.

Leo miamba hiyo huchimbwa kwa misingi ya nyumba na barabara, na gamba lililosalimika tangu zama hizo huvunjwa kwa sururu moja. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 humtaka agunduaye kitu cha namna hiyo aarifu Makumbusho ya Taifa. Msililete nyumbani kuwa pambo, wala msiliuze. Andikeni mahali lilipoonekana, mpige picha, kisha mpeleke habari kwenye makumbusho ya Fort Jesus.

Mtoto yule tumemwahidi safari ya Changamwe. Kibakuli kitabaki mezani.