Mpira wa kampeni uliosambaza msemo

Mwaka 1840, katika barabara za Ohio, watu wazima na akili zao walisukuma madude ya mviringo yenye kipenyo cha futi 10 hivi, mji hadi mji, huku wakiimba. Mengine yalikuwa ya ngozi au karatasi, mengine ya bati, na ubavuni yamejaa kaulimbiu. Hao walikuwa wafuasi wa chama cha Whig, wakimpigia debe Jenerali William Henry Harrison dhidi ya Rais Martin Van Buren.

Leo Mwingereza au Mmarekani asiyetaka shughuli ikwame husema "keep the ball rolling", mpira usiache kubingirika. Msemo huo haukuzaliwa Ohio, ila kampeni ile ndiyo iliyoutia midomoni mwa umma.

Mpira wenyewe ulikuwa kijembe. Seneta Thomas Hart Benton wa Missouri alipopigania kufutwa kwa azimio la Seneti la 1834 lililomkaripia Rais Andrew Jackson, alijigamba kwamba ni yeye peke yake aliyeusukuma mpira wa hoja hiyo. Wana-Whig wakaudaka usemi wake, wakaunda mpira wa kweli kumkejeli.

Mpira ulikwenda, sera hazikuonekana. Chama hakikutoa hata ilani, naye Harrison alichunga ulimi hadi wapinzani wakambandika jina la Jenerali Kimya. Gazeti moja la Baltimore likakejeli kwamba akipewa pipa la pombe ya matufaa na pensheni, mzee atajikalia zake kibandani. Wapambe wakaigeuza kejeli kuwa mtaji: wakajenga vibanda vya magogo, wakamwaga pombe, wakamuuza kama kabwela mwenzao. Kabwela gani huyo, aliyezaliwa katika jumba la matofali kwenye shamba kubwa la Virginia? Lakini wapiga kura walifurika, takriban asilimia 80, na Harrison akapata kura 234 za wajumbe wanaomchagua rais, dhidi ya 60 za Van Buren.

Siku ya kuapishwa, Machi 4, 1841, akafidia ukimya wote: alihutubia karibu saa mbili kwenye baridi, bila koti. Mwezi mmoja baadaye akafariki. Makamu wake, John Tyler, akashika nchi na kuipiga veto miswada ya benki iliyoletwa na chama chake mwenyewe. Kabla mwaka haujaisha, chama kikamfukuza.

Mwaka 1888 mjukuu wa Jenerali Harrison, Benjamin Harrison, alipogombea urais, wafuasi waliunda mpira mwingine na kuusukuma kutoka Maryland hadi Indianapolis, nyumbani kwake. Alishinda kwa kura 233 za wajumbe dhidi ya 168 za Grover Cleveland, ingawa wananchi wengi zaidi walimpigia Cleveland.