Kuvu zilizomo mitini ni hazina tusiyoijua

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi huchemsha magome na mizizi, tukapona, tukausifu mti. Ni wachache wanaojiuliza iwapo mti huo uliiunda dawa peke yake.

Ndani ya majani, vijiti na magome ya mimea mna kuvu ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Nyingi huishi humo bila kuuletea mmea ugonjwa. Mmea huzipa chakula na makao. Nazo baadhi yazo humlipa mwenyeji wao kwa kutoa kemikali za kufukuza wadudu na kuua viini. Kemikali hizo ndizo wanasayansi wanazozitafuta. Tusisahau kwamba penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mwaka wa 1928, ilitokana na kuvu.

Chukua mfano wa Marekani. Mwaka wa 1992 nchi hiyo iliidhinisha Taxol, dawa ya saratani ya ovari. Ilitolewa katika gome la mti uitwao Taxus brevifolia, na mti uliochunwa gome lote hufa. Mwaka wa 1993 watafiti walitangaza kuwa wameipata dawa hiyo katika kuvu iliyotoka ndani ya mti huo huo na kuoteshwa maabarani. Kiasi kilikuwa kidogo mno, na baadaye wataalamu wengine walitilia shaka matokeo hayo. Viwanda navyo vilifuata njia nyingine: majani ya miti ya jamii hiyo na seli zake. Hata hivyo, swali lilikuwa limekwisha kuulizwa: badala ya kuua mti, je, hatuwezi kumfuga fundi aliyemo ndani yake?

Nionavyo mimi, swali hilo latuhusu sana sisi Wakenya. Mti ambao Wakikuyu huuita muiri, na wanasayansi Prunus africana, umechunwa magome kwa miaka mingi kwa ajili ya dawa ya tezi ya kibofu inayouzwa Ulaya, hata biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti mwaka wa 1995. Sidai kwamba kuvu zake zina dawa hiyo. Ninachosema ni kwamba tukiumaliza mti, tutakuwa tumeziangamiza kuvu zake kabla ya kuzichunguza. Mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa katika makumbusho yetu haitatufaa sana hapo, kwani kuvu hizi hutafutwa katika jani bichi.

Walimu wa biolojia, wafundisheni wanafunzi kwamba msitu si mbao na kuni tu. Nanyi wanafunzi wa vyuo vikuu, anzeni kuziorodhesha kuvu za miti ya kwenu. Itifaki ya Nagoya ya mwaka wa 2010 inatambua haki ya nchi kupata sehemu ya faida itokanayo na viumbe vyake. Lakini ni nani awezaye kudai asichokijua? Mali bila daftari, huisha bila habari.