Kutoka Insha hadi Tasnifu: Uandishi wa Kitaaluma wa Kiswahili Vyuoni

Mwanafunzi wa Tanzania anayejiunga na chuo kikuu kusomea Kiswahili huonekana kuwa amekwisha kuimudu lugha hiyo. Anaizungumza vyema, na pengine amefaulu mtihani wake wa kidato cha sita kwa alama za juu. Hata hivyo, katika shule za sekondari takriban masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe, hufundishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huyo hajapata kuandika kwa Kiswahili hoja ya kihistoria wala ripoti ya uchunguzi wa kisayansi. Alichokiandika ni insha, barua, hotuba na uchambuzi wa riwaya na tamthilia. Kisha, katika muda wa miaka michache tu, hutakiwa kuandika tasnifu.

Tatizo hili si jipya. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia somo la Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu Idara ya Kiswahili ilipoanzishwa mwaka 1970, na istilahi za isimu na fasihi zimekua kwa kasi tangu hapo. Lakini istilahi ni jambo moja, na kuzitumia katika kujenga hoja ni jambo jingine. Kozi za stadi za mawasiliano, ambazo ndizo zingetarajiwa kuziba pengo hilo, kwa kawaida hutolewa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hufundishwa kuandika aya kwa lugha moja na kusahihishwa kwa lugha nyingine.

Insha ya shuleni ina kanuni zake, nazo si mbaya. Hufunguliwa kwa methali, hupambwa kwa tamathali za semi, na mwandishi husifiwa kwa wingi wa msamiati. Mwanafunzi aliyezoezwa hivyo huendelea kupamba hata anapoeleza muundo wa kirai nomino. Mhadhiri humwandikia pembezoni kwa wino mwekundu neno moja tu, “Lugha!”, naye hulielewa kuwa ni agizo la kutafuta maneno mazito zaidi. Hivyo kazi ya pili hurudi ikiwa na maradhi yaleyale, yamekomaa.

Ichukuliwe sentensi ya aina ambayo kila msahihishaji wa tasnifu ameizoea: “Utafiti huu ambao umefanywa na mtafiti ni utafiti ambao unahusu maneno ambayo yanatumiwa na wavuvi ambao wanaishi katika eneo la Bagamoyo.” Kisarufi sentensi hiyo haina kosa la upatanisho. Lakini inarudia utafiti mara mbili, inamtaja mtafiti ambaye hakuna aliyemtilia shaka, na inatumia “amba-” mara nne mahali ambapo kirejeshi cha ndani ya kitenzi kingetosha. “Utafiti huu unahusu maneno yanayotumiwa na wavuvi wa Bagamoyo” ni sentensi yenye maana ileile. Wingi wa “amba-” kwa sehemu kubwa ni kivuli cha Kiingereza, lugha ambayo mwanafunzi ameisomea vitabu vya kiada kwa miaka mingi. Kiswahili kina njia fupi, na msomaji huishukuru.

Hata hivyo, ufupi wa sentensi hauokoi hoja isiyo na msingi. Mfano mzuri unapatikana katika mada inayoandikiwa karibu kila mwaka, yaani ngeli za nomino. Mwanafunzi huanza kwa kuorodhesha ngeli kwa namba, kwa utaratibu uliotokana na kazi za Bleek na Meinhof, ambamo umoja na wingi huhesabiwa kila mmoja peke yake kwa kuzingatia viambishi vya nomino. Aya inayofuata humnukuu mtaalamu mwingine anayegawa ngeli kwa upatanisho wa kisarufi: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI na kadhalika. Aya ya tatu huhitimisha kwamba wataalamu “wanatofautiana kuhusu idadi ya ngeli”. Kwa kweli hawajatofautiana kuhusu idadi hata kidogo. Wamehesabu vitu viwili tofauti.

Neno “kifaru” latosha kulidhihirisha hilo. Kwa umbo lake, nomino hiyo ina kiambishi ki-, na wingi wake ni “vifaru”. Kwa kigezo cha kimofolojia iko pamoja na “kiti” na “kisu”. Lakini mnyama huyo anapotajwa katika sentensi, husemwa “kifaru mkubwa amelala”, si “kifaru kikubwa kimelala”. Kwa kigezo cha upatanisho, basi, yumo katika A-WA. (Kifaru cha vita, kwa upande wake, hubaki KI-VI kwa vigezo vyote viwili, na kikiharibika husemwa kimeharibika.) Mwanafunzi anayelitazama neno hilo moja kwa makini atalazimika kuuliza ni kigezo gani anachokitumia na kwa nini. Swali hilo ndilo mwanzo wa tasnifu. Nukuu kumi zilizopangwa mfululizo haziwezi kuwa badala yake.

Suala la nukuu linastahili kutazamwa kwa undani, kwa sababu hapo ndipo lugha na uaminifu wa kitaaluma hukutana. Vitenzi vya kunukulia havilingani. “Anaeleza” hakimfungi mwandishi; “anadai” huonesha kwamba mwandishi amesimama kando na huenda akapinga; “anathibitisha” humtwika mwandishi dhamana ya kukubali ushahidi uliotolewa. Wanafunzi wengi huvibadilisha vitenzi hivi ili kuepuka kurudia tu, kama mtu abadilishaye shati. Msomaji hukuta mtaalamu “anadai” katika mstari wa kwanza, na katika mstari wa tatu dai hilohilo limekuwa ukweli ambao sura nzima imejengwa juu yake.

Wizi wa maandishi nao, mara nyingi, huanzia kwenye hofu kuliko kwenye hila. Mwanafunzi asiyeyaamini maneno yake hunakili ya mwingine, kisha hubadilisha mawili matatu. Siku hizi zipo pia programu za kompyuta zinazoweza kumwandikia ukurasa mzima wa Kiswahili kinachosomeka vizuri, na adhabu peke yake haitoshi kumwachisha. Zoezi la zamani bado lina manufaa: mwanafunzi asome kurasa tatu, afunge kitabu, aeleze kwa mdomo alichokisoma mbele ya mwenzake, kisha aandike alichokieleza. Anachoshindwa kukieleza kitabu kikiwa kimefungwa hajakielewa, na afadhali ligundulike siku hiyo kuliko siku ya utetezi wa tasnifu.

Utaratibu wa usahihishaji pia hauna budi kubadilika. Kazi inayosahihishwa mara moja na kupewa alama haimfunzi mtu kuandika. Humjulisha tu thamani ya alichokwisha kukiandika. Rasimu ya kwanza yapasa isomwe bila alama, na mhadhiri aulize maswali mawili tu: aya hii inadai nini, na ushahidi wake uko wapi? Makosa ya tahajia yanaweza kungoja rasimu ya pili. Ni kweli kwamba darasa la wanafunzi mia tatu haliruhusu rasimu mbili za kila kazi. Lakini laruhusu aya moja ya kila mwanafunzi, au aya moja ya mmoja wao isiyo na jina, iliyoandikwa ubaoni na kufumuliwa mbele ya wote mpaka dai lake lionekane. Katika mazoezi ya namna hiyo, sentensi yenye “amba-” nne kwa kawaida huwa ya kwanza kufutwa, na anayeomba ifutwe mara nyingi ni mwandishi wake mwenyewe.