Kadi za Wanamichezo: Chagua Mchezo Mmoja

Pesa za matumizi za mwanafunzi wa Meru au Embu hazitoshi kukusanya kadi za kila mchezo. Je, ashike upi?

Soka huvutia wengi. Hata hivyo, albamu za Panini za Kombe la Dunia zilianza mwaka wa 1970, na Kenya haijawahi kufuzu kwa fainali hizo. Atajaza nyuso za wageni tu.

Riadha ni yetu. David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 jijini London mwaka wa 2012. Picha za wanariadha hutoka gazetini: akate, abandike daftarini, aandike tarehe na muda. Mashindano yakifika Kinoru au uwanja wa Moi, Embu, ataongeza aliowaona mwenyewe.

Mzazi, mnunulie gundi.