Kansa ya Mlango wa Kizazi: Ufa Unaozibika

Mwaka juzi tulimzika shangazi yangu. Alitokwa na damu miezi mingi akinyamaza tu, maana aliona haya kusema. Sisi nyumbani tukawa tunanong'ona ati amerogwa. La hasha! Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na alipofika hospitalini alikuwa amechelewa.

Je, ugonjwa huu hutoka wapi? Huletwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Lakini vikikwama, seli za mlango wa kizazi hubadilika polepole, kwa miaka mingi, hadi ziwe kansa.

Mnamo 1983 Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake waligundua aina mojawapo ya virusi hivyo ndani ya uvimbe wa kansa hii. Mwaka wa 2008 akatuzwa Nobel. Ugunduzi huo ndio uliofungua njia ya chanjo, na hapa Kenya wasichana wa miaka 10 walianza kuipata Oktoba 2019.

Na mama zetu je? Kuna kipimo rahisi: muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi. Penye kasoro hugeuka peupe, pakatibiwa kabla ya kansa kuingia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Shangazi hakuwahi chanjo wala kipimo. Mwenzangu, mwambie mama, mwambie na dada yako mdogo. Haya isituue tena.