Osiloskopu ya Bei Nafuu na Usomaji wa Herufi
Wanachuo wetu hudhani kwamba osiloskopu ikichora mawimbi vizuri, basi na herufi inazozifasiri ni sahihi. Sivyo. Katika mawasiliano ya biti 9,600 kwa sekunde, biti moja huchukua mikrosekunde 104 hivi. Baadhi ya osiloskopu za bei nafuu hufasiri nukta za kiooni tu, wala si kumbukumbu yote. Tuseme nukta hizo ni 1,200. Tukionyesha milisekunde 12, kila biti hupata nukta kumi. Tukionyesha milisekunde 120, hupata moja tu, na herufi huvurugika. (Hapo waya hulaumiwa bure!) Twashauri mwalimu atume A, yaani 01000001, wanafunzi wahesabu biti wenyewe kwanza, wakikumbuka kuwa hutumwa kuanzia ya mwisho.